TAHADHARI: Muuzaji wa makangaga ya kivulini, Arusha na Moshi

Wadau wa bustani, kuna jamaa anajitangaza kwenye magrupu kuwa anauza makangaga (wengine mnayaita feni) ya kupanda chini ya miti na kwenye baraza zisizopata jua. Picha zake ni nzuri mno: vichaka vimejaa, kijani mwaka mzima. Bei 35,000 kwa kiriba, hela kwanza, "na ya kutolea usisahau." Mzigo anatuma kwa basi.

Kinachofika si mmea. Jirani yangu hapa Sakina alipokea viriba vinane, majani yamesimama, yanang'aa. Wiki ya pili yakaanza kugeuka rangi ya chai. Tulipochana kiriba kimoja hakukuwa na mzizi hata wa dawa: majani matano yamefungwa mpira wa noti, vikonyo vimekatwa mshazari kwa kisu kikali, kisha yakachomekwa kwenye udongo wenye unyevu. Nikiyaangalia naona ni yale magumu wanayofungia mashada ya harusi, ambayo hata kwenye ndoo ya maji hukaa kijani wiki mbili bila shida. Ndiyo maana kayachagua. Ukija kushtuka, ameshabadili laini.

Jani la namna hiyo halitoi mzizi hata uliimbie. Kangaga huota kutoka kwenye shina lake la chini, pale machipukizi yanapotokea yamejikunja kama konokono. Hapo ndipo mkulima wa kweli anapogawa kichaka na kupata miche.

Akiona unasita, anageuza biashara: "Basi chukua mbegu, pakiti 10,000." Huo ni wizi wa mchana kweupe. Kangaga halina ua wala mbegu. Linazaana kwa vumbi laini linalotoka kwenye vile vidoa vya kahawia mgongoni mwa jani (na jamani, acheni kuvipulizia dawa mkidhani ni wadudu). Toka vumbi hadi mche wa kupandikiza ni miezi mingi. Punje nyeusi alizouziwa mama mmoja wa Moshi ziliota mchicha. Angalau alipata mboga.

Ukitaka makubwa, anasema anayo yale ya shina refu kutoka Amani. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kung'oa mimea mle bila kibali ni kosa. Hata kama safari hii hadanganyi, usinunue.

Nendeni kitaluni wenyewe. Shika vikonyo vyote kwa pamoja karibu na udongo, uvute taratibu. Mmea wenye mizizi unakuja na udongo wake. Yaliyochomekwa yanachomoka matupu. Chungulia pia matundu ya chini ya kiriba, mizizi ya kahawia iliyokolea huwa inatokeza. Kama uko mbali, mwambie akurekodie video akifanya hivyo. Huyu jamaa ukimwomba hiyo video anakuwa mkali ghafla, anakwambia "wateja ni wengi, kama huna hela sema."

Kama umeshatuma pesa, pigia mtandao wako haraka waizuie kabla hajaitoa, na ujumbe wake wa kitapeli utume pamoja na namba yake kwenda 15040. Risiti ya basi na picha za viriba vilivyochanwa usitupe, polisi watavitaka.