Jino limeng'oka uwanjani: maziwa au maji?

Mtoto kapigwa kiwiko kwenye mpira, jino la mbele liko chini na mzizi wake mzima. Wengi hukimbilia bilauri ya maji ili walitumbukize humo. Nawasihi wazazi wenzangu, tafuteni maziwa.

Juu ya mzizi kuna utando mwembamba wa chembe hai, na ndio utakaolishikiza tena jino kwenye taya. Maji, hata yawe safi kiasi gani, hayana chumvi kama ile ya mwilini. Hupenya ndani ya chembe, zikavimba na kupasuka. Maziwa freshi yako karibu zaidi na majimaji ya mwili, hivyo chembe huweza kuishi humo saa kadhaa, hasa yakiwa baridi. Mtindi haufai, una asidi.

Maji yana kazi moja tu: kusuuza mchanga kwa sekunde chache, ukiwa umelishika jino upande wa kutafunia. Mzizi usiguswe wala kusuguliwa.

Kinachoyashinda yote mawili ni kulirudisha jino shimoni palepale, mtoto aume kitambaa safi, mwende kwa daktari wa meno mara moja. Likikaa kavu saa 1, chembe nyingi zimeshakufa. Lakini hili ni kwa jino la kudumu. La utotoni usilirudishe, linaweza kuliumiza linaloota chini yake.

Na mtoto akizimia au kutapika, hospitali kwanza, jino baadaye.

Hakuna maziwa karibu? Ateme mate yake kwenye kikombe, litumbukizeni humo.