Full Thrust juu ya meza yetu Mbeya: mzinga mkubwa unalipa?

Swali hili wenzangu wa Mbeya wananiuliza kila wakiona vizibo vyangu mezani, kwa hiyo nalijibu hapa. Full Thrust ni mchezo wa mapigano ya vyombo vya angani, kazi ya Mwingereza Jon Tuffley, na ulianza miaka ya mwanzo ya 1990. Kanuni zake unazipakua bure kwa wenyewe, Ground Zero Games. Mimi nilizichapisha steshenari pale Mwanjelwa. Ni Kiingereza, ila chepesi. Vinyago vyao sijanunua: vyombo vyangu ni vizibo vya soda vilivyochorwa mshale kwa makapeni, na dadu ni za ludo.

Kilichoninasa ni hesabu ya mizinga, hasa ile ya Fleet Book, kitabu cha nyongeza cha mwaka 1998. Mzinga wa daraja la 1 unafika vipimo 12 na unarusha dadu moja. Daraja la 2 unafika 24: dadu mbili ndani ya 12, moja kuanzia hapo. Daraja la 3 unafika 36, na dadu zake ni tatu, mbili, kisha moja. Ukipata 1 hadi 3 umekosa, 4 na 5 ni pigo moja, 6 ni mapigo mawili na unarusha tena. Adui akiwa hana ngao, kila dadu inakupa wastani wa pigo 0.8.

Sasa chukua uzito wa 6 (nafasi ambayo mizinga inachukua chomboni), ambao bei yake ni pointi 18. Utapata mizinga sita ya daraja la 1 inayopiga pande zote, au mitatu ya daraja la 2, au mmoja tu wa daraja la 3, hao wa daraja la 2 na la 3 wakifunika nusu ya mduara. Mkikaribiana ndani ya 12, wadogo wanarusha dadu sita, daraja la 2 nao sita, mkubwa tatu. Yaani mkubwa anapigwa nje ndani! Mkiwa 30, yeye peke yake ndiye anayeongea. Pointi zile ni bei ya umbali, si ya nguvu, na hapo ndipo naupa mchezo huu heshima yake.

Lakini umbali unahitaji mahali pa kukimbilia. Meza yetu ya chakula ukiipima kwa inchi, mwenye daraja la 3 anarudi nyuma kidogo tu, kaishiwa meza. Kanuni zinakuruhusu kuchagua kipimo chako, na futi ya fundi cherehani ina inchi upande mmoja, sentimita upande wa pili. Geuza. Kwa sentimita anapata nafasi ya kuzunguka na kudumisha masafa, na bei aliyolipa inaanza kurudi. Mtu akiniambia mizinga mikubwa haina maana, namuuliza kwanza anachezea meza gani.

Kuna jambo la pili ambalo pointi hazikuonyeshi. Mwili wa chombo ni visanduku vilivyopangwa kwa safu, na kila pigo linafuta kimoja. Safu ya kwanza ikiisha, kila kifaa kinarushiwa dadu, na 6 inakiua. Safu ya pili ni 5 na 6, ya tatu 4 hadi 6. Kwa wastani hasara ni ileile, ila mwenye mizinga sita anapoteza mmoja anaendelea. Shemeji yangu alikuja na chombo chenye mzinga mmoja wa daraja la 3, anajidai nao. Safu ya kwanza ikaisha, akarusha, 6. Akakitazama kizibo chake.

"Shemeji, hiyo sasa ni bajaji," nikamwambia. Hakucheka.

Daraja la 4 sikushauri: uzito wa 8 kwa upande mmoja tu, na meza zetu hizi. Mimi napanga daraja la 2 kwa wingi, la 1 mbili tatu za kulinda mgongo, kwa kuwa hata vindege vidogo zinavipiga, na la 3 kwenye chombo chenye mbio tu. Kingine, dadu za seti moja ya ludo hazitoshi. Tafuta angalau sita kabla hujawaita watu.