Una milioni tatu na uko Mbeya: kigari kipi cha zamani ununue ukitengeneze mwenyewe

Wakuu, naandika hii manake kila mwezi kuna mtu ananiuliza kaka nina milioni tatu hivi nataka kagari kadogo, nitakarekebisha mwenyewe taratibu, nichukue kipi. Jibu langu ni lile lile, usinunue rangi. Rangi, siti, redio, taa iliyopasuka, hivyo utavimaliza mwenyewe Jumamosi kwa Jumamosi. Wewe nunua injini isiyochemsha, gia boksi inayoshika na sakafu ambayo haijaoza, basi.

Na kwa huku kwetu kuchemsha ndo kitu cha kwanza kabisa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ndogo isiyo na tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake kabla hata hujapakia mtu, halafu kila unakoenda ni mlima, Igawilo, Mlima Nyoka, ukitoka nje ya mkoa kuna Kitonga. Maji yakiwa wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100, kwa hiyo ule mfuniko wa rejeta unaoonekana wa kijinga ndo unaoshikilia presha maji yasichemke mapema. Mfuniko ukiwa na raba iliyokauka gari itakuchemshia mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kwa hiyo napanga hizi gari kwa vitu viwili tu, inavumilia milima yetu? na mtu wa kawaida mwenye jeki na spana anaweza kuitengeneza nyumbani?

Namba moja kwangu ni Toyota Starlet, ya manuali, iwe EP82 au EP91, hizo ni namba za toleo lake. Injini nyingi utakazokutana nazo ni 4E-FE ya lita 1.3, nyepesi, boneti ukifungua unaona kila kitu na mkono unapita. Bolti zake karibu zote ni 10, 12, 14 na 17, yani ukiwa na hizo soketi nne na ya plagi umeshafungua nusu ya gari. Injini hiyo hiyo imefungwa pia kwenye baadhi ya Corolla 110, kwa hiyo spea hazikupi shida Mwanjelwa, na kisichokuwepo unapiga simu Kariakoo kinakuja na basi la usiku. Ubaya wake ni umri. Starlet ya mwisho ilitoka 1999 wakati Vitz inachukua nafasi yake, kwa hiyo hata ile mpya kuliko zote ina zaidi ya miaka 25, raba zote zimechoka, bushi, hozi, mauntini. Pia inatumia mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu za injini kwa wakati wake, muuzaji akishindwa kukwambia ulibadilishwa lini wewe hesabu haujabadilishwa, weka hela yake pembeni siku hiyo hiyo.

Ya kwangu niliinunua kwa mwalimu mstaafu Uyole. Nilimsalimia shikamoo mwalimu, akaitika, kabla sijafungua hata mlango akasema, "Mwanangu nisikufiche, nikipanda Igawilo inachemsha, mafundi wameshindwa." Nikamuheshimu sana kwa hilo, tukaelewana milioni mbili na laki sita. Nyumbani nikafungua koki ya chini ya rejeta, yakatoka maji rangi ya chai kavu, mazito, yana vumbi la kutu ukiyasugua kwenye vidole. Nikafungua nyumba ya themostati, kile kivalvu kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, ndani hamna kitu, fundi alishaing'oa zamani. Hii tabia naomba muikatae. Themostati inafungua kwenye nyuzi 82 hivi na kazi yake ni injini ipate moto haraka na ibaki kwenye joto lake, ukiing'oa asubuhi za Juni na Julai huku injini inatembea ya baridi, inakula mafuta, na hita haitoi joto, watoto wanatetemeka mpaka shule. Na kuchemsha hakuponi, kunajificha tu kwenye tambarare, kunakusubiri mlimani. Nilichofanya, rejeta niliipeleka kwa fundi rejeta akaifungua akaizibua, nikasafisha njia za maji za injini kwa hozi mpaka yakatoka meupe, nikafunga themostati mpya na gasketi yake, mfuniko mpya, na kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba. Kazi ya wikiendi mbili na laki na nusu ikabaki chenji. Nimepanda Igawilo mpaka Tukuyu tuko wanne na magunia mawili ya ndizi, mshale haujavuka katikati.

Namba mbili Corolla 110. Sio ndogo sana ila ni ndugu wa karibu, buti kubwa, imara kwenye barabara za vumbi za kwenda vijijini, na kila fundi anaijua hata akiwa amefumba macho. Nimeiweka ya pili kwa sababu nyingi zimeshapiga teksi miaka na miaka, kilomita za kwenye dashibodi usiziamini, angalia pedeli ya breki na ya klachi, raba ikiwa imelika mpaka chuma kinang'aa hiyo gari imetembea dunia nzima.

Namba tatu Vitz ya zamani, ile yenye spidi ya namba katikati ya dashibodi. Inakula mafuta kidogo, inatumia cheni ya taimingi sio mkanda, na spea zipo tele. Kama utatembelea mjini tu, Kabwe, Soweto, Mafiati, Sae, labda ingefaa hata kuwa ya kwanza. Ila ya 1.0 ukijaza watu kwenye mlima utaionea huruma, tafuta ya 1.3 kama unaipata. Nyingi saivi zinakula oili kimya kimya, kwa hiyo mwambie mtu akanyage mafuta wewe simama nyuma, moshi wa bluu achana nayo. Na ikiwa inatetemeka ikisimama wakati mwingine ni uchafu tu kwenye throto, pale hewa inapoingilia kwenye injini, unasafisha mwenyewe nusu saa, usikubali mtu akuuzie hadithi ya injini mpya kabla hujajaribu hilo.

Passo na Duet za 1.0 ni silinda tatu, kwa mama anayeenda sokoni na kurudi hazina neno, kwa safari za Tunduma au Chunya mimi hapana. Nissan March injini yake sio mbaya hata kidogo, ila spea utazunguka, na ile yenye gia boksi ya CVT, ya otomatiki inayotumia mkanda, usiiguse kwa bajeti hii, ikifa hiyo ndo mwisho wa mradi.

Sasa siku ya kwenda kuiona. Nenda asubuhi na mapema, mwambie muuzaji asiiwashe, ukikuta boneti ina joto jua kuna kitu kimefichwa, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, maji yawe safi, yasiwe na mafuta yanayoelea. Chini ya mfuniko wa oili unaweza kukuta ute mweupe kama maziwa ya mgando, watu wengi hapo wanakimbia wakidhani gasketi ya silinda hedi imeungua na maji yameingia kwenye oili, ila kwa baridi yetu gari inayotembea safari fupi fupi hupata huo ute kwa unyevu tu. Chomoa dipstiki, kama oili yenyewe ni nyeusi au kahawia safi sawa, kama nayo ni ya maziwa ndo uondoke. Inua mazulia ukandamize sakafu na kidole gumba, hasa gari zilizokaa Kyela na Tukuyu kwenye mvua zile, na zilizotoka pwani kwenye chumvi. Kutu ya juu juu utaisugua, sakafu inayobonyea iache.

Kadi halisi uione, jina lifanane na anayeuza, deni la faini za trafiki angalia mtandaoni kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata mia, na umiliki ubadilishe TRA mapema, usitembee na kadi ya mtu.

Halafu jeki. Naomba sana, usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo mazito pande zote mbili, zuia tairi kwa mawe. Na breki, kama hujawahi kuzifungua, mara ya kwanza kaa na fundi umuangalie anavyotoa upepo kwenye mabomba ya breki, mteremko wa Iwambi hausamehe.

Mwisho kabisa kabla hujalipa muombe muuzaji mpande wote kutoka Uyole mpaka juu Igawilo, gia ya pili na ya tatu, hita imezimwa. Mkifika juu usizime haraka, iache ingurume dakika tano ukiangalia mshale, feni lazima iwake yenyewe. Halafu zima, subiri dakika kumi, washa tena. Ikikataa kuwaka ya moto, au ikiwaka na moshi mweupe usioisha, mrudishie ufunguo umshukuru kwa muda wake.