Kitufe cha FACT kwenye Casio fx-991ES PLUS: kizuri, ila chunga mabano

Kwa kuvunja namba nzima kubwa kuwa vigawo tasa, kikokotoo hiki kinafaa kuliko wengi wanavyodhani. Kina mtego mmoja, na usipoujua utaandika jibu la makosa huku ukiwa na uhakika nalo.

Andika namba, bonyeza =, kisha SHIFT na kitufe cha nyuzi, dakika na sekunde; neno FACT liko juu yake. Weka 1014 upate 2×3×13². Ukirudia SHIFT na FACT, namba yako inarudi. Kilichopo kwenye skrini lazima kiwe namba nzima chanya isiyozidi tarakimu 10.

Kikokotoo kinajaribu namba tasa zisizozidi tarakimu tatu, yaani zile 168 kuanzia 2 hadi 997. Kinachosalia kikiwa chini ya 1018081 basi ni tasa bila shaka, kwa kuwa namba tasa inayofuata ni 1009, na 1009² ndiyo hiyo 1018081. Kwa KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) za shuleni inatosha kabisa. Kinachosalia kikifika 1018081 au kuzidi, kinatiwa kwenye mabano.

Mabano hayo ndiyo yanayoponza wanafunzi. (2147483647) ni tasa kweli; mwanahisabati Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772. (1022117) si tasa, ni 1009×1013. Skrini haikutofautishii. Kwa hiyo tafuta kipeuo cha pili cha kilichomo ndani ya mabano, kisha gawanya kwa kila namba tasa kuanzia 1009 hadi kwenye kipeuo hicho. Kwa 1022117 kipeuo hakifiki 1011, hivyo unajaribu 1009 peke yake na kazi imekwisha.

Sasa chukua 2³²+1, yaani 4294967297. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa, mpaka Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba inagawanyika kwa 641. FACT inakupa 641×(6700417). Kipeuo cha pili cha hiyo ya mabano ni kama 2588.5, na namba tasa za kujaribu hadi hapo zinazidi 200. Usizijaribu zote! Kila kigawo tasa cha 2³²+1 lazima kiwe cha umbo 128k+1 (641 yenyewe ni 128×5+1), na kati ya 1009 na 2588 namba tasa za umbo hilo ni mbili tu: 1153 na 1409. Ya kwanza inatoa 5811.28…, ya pili 4755.44…. Zote zinaacha baki, basi 6700417 ni tasa. Hesabu iliyohitaji Euler imeisha kwa kugawanya mara mbili, na kwangu hilo peke yake linatosha kukipendekeza kikokotoo hiki.

Ukivuka tarakimu 10, hamia kwenye amri ya factor ya kompyuta yenye mfumo wa Linux, au ya Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu ya Android. Andika factor 4294967297, nayo inakurudishia 641 na 6700417, bila mabano.