Kupiga picha za furukombe Naivasha kwa boti ya kukodi: uzoefu wangu

Kama wewe ni mpenzi wa ndege na kamera yako ni ya kawaida tu, boti za kukodi za Ziwa Naivasha zina thamani ya pesa yako, mradi umpate nahodha anayejali jua liko upande gani. Mimi nilipandia ufuo wa Kamere, barabara ya Moi South Lake. Matatu za kutoka mjini Naivasha zinafika. Bei hupatanwa kwa boti nzima, kwa saa, kwa hiyo nendeni kikundi. Ile ya kwanza kutajwa msiikubali.

Furukombe, tai hawa wavuvi wa samaki, hapa huna haja ya kuwatafuta. Maji ya ziwa yalipopanda, migunga mingi ilifia majini, na sasa ndege hao hukaa juu ya matawi makavu, kichwa cheupe kikionekana kutoka mbali. Nahodha wetu, mtu wa makamo, alinunua samaki kwa wavuvi, akamsokomeza kipande cha funjo, mmea mwepesi wa ziwani, mdomoni ili aelee. Akapiga mluzi, akamrusha. Nikaanza kubofya.

"Kijana, tulia, bado anapima," akaniambia.

Kweli, furukombe aliinamisha kichwa huku na huku kwanza, ndipo akajiachia. Alikuja chini chini, karibu aguse maji, miguu akaitanguliza dakika ya mwisho, na samaki akaondoka naye. Injini ilikuwa imeshazimwa na jua liko mgongoni mwetu. Hapo ndipo pesa yangu ilipoenda kihalali.

Nilibeba lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 150-600. Kwenye 600 picha zilitoka bila ncha za mabawa, maana akiyakunjua yanafika kama mita mbili, naye anapita karibu sana. 300 ilitosha kabisa. Kasi ya kamera iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, na mwanga uupunguze kidogo, la sivyo manyoya ya kichwa yanageuka doa jeupe tupu. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani, boti haitulii.

Kilichoniudhi ni jaketi la kuokolea: kifungo kimevunjika, nikafungiwa kwa kamba. Kwenye ziwa lenye viboko hilo si jambo la mzaha. Kagua lako kabla hujalipa.

Halafu hii ya kutupia samaki. Picha ni nzuri, lakini kila aliyewahi kupanda boti hizo anayo. Niliomba tusubiri kando ya mgunga mmoja bila kurusha chochote. Wenzangu walinuna, nahodha akacheka, na furukombe alipoamua kuvua mwenyewe alivua mbali. Picha ina ukungu kidogo. Ndiyo niliyoichapisha.

Panda mapema, saa moja hivi asubuhi. Mchana upepo huchafua ziwa, na maji yanarukia kioo cha lenzi kila mara.