Mozaiki: kubandika moja kwa moja au kupitia karatasi?

Kwa anayeanza mozaiki, yaani picha ya vipande vidogo vya kioo, mawe au vigae, napendekeza kubandika moja kwa moja. Unapaka gundi nyuma ya kipande, unakikandamiza kwenye ubao, na picha inakua mbele ya macho yako. Kikikaa vibaya, unakibandua kabla gundi haijashika. Tena uso si lazima uwe sawasawa: katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, Italia, mafundi wa karne ya 6 waliviinamisha vipande kidogo kidogo, ndiyo maana dhahabu humeta kila unaposogea.

Njia ya karatasi ni kinyume. Vipande hubandikwa kifudifudi kwenye karatasi kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, kisha vyote hugeuzwa na kukandamizwa kwenye saruji mbichi. Ikishashika, karatasi hulowanishwa na kubanduliwa. Mchoro sharti uchorwe kinyumenyume, hasa ukiwa na herufi. Uso hutoka bapa kabisa, kwa hiyo kwa meza hakuna mjadala: tumia karatasi. Ila unakosa utamu wa kuona rangi zikikutana chini ya vidole vyako, na kwangu huo ndio moyo wa kazi hii.

Kwa vyovyote, vaa miwani unapokata. Vipande vya kioo huruka.