Modeli ya Datsun 240Z na kopo la rangi nililouziwa mtaa wa Gerezani, Dar

Nianze na nyota, maana najua wengi husoma mistari ya juu tu wakaondoka. Modeli yenyewe: tano kwa tano. Duka la rangi: sifuri, na hiyo sifuri nimeitoa kwa huruma. Sasa kaeni niwaeleze, ila msinishike maneno nikibadilika huko mbele, kwa sababu jambo hili bado halijanitoka moyoni.

Ni modeli ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, kiwango cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, imetoka kiwanda kimoja cha Japani. Aliniletea shemeji yangu anayekwenda Yokohama kufuata magari ya mnada. Ni Datsun 240Z ya mbio za magari za Safari Rally za mwaka 1971, ile nyekundu yenye boneti nyeusi na namba 11 mlangoni. Urefu wake ni sentimita 17 hivi. Ndani ya boksi hukuti rangi wala gundi, na hilo si kosa la mtu, modeli hizi ndivyo zinavyouzwa. Shemeji naye asingeweza kupanda ndege na makopo ya kupuliza, maana ni vitu vya kulipuka, vinazuiliwa uwanjani. Kwa hiyo rangi ilibidi niitafute hapa hapa Dar.

Kabla sijafika huko, acheni niisifu kidogo kazi ya Wajapani wale. Vipande vinakuja vimeshikamana kwenye fremu za plastiki, kila kimoja na namba yake. Unakikata kwa kikata kucha, unasugua kinundu kilichobaki kwa msasa laini, unajaribu kukipachika kabla ya gundi, kinaingia. Kinaingia kweli! Mimi ni mtu niliyefunga makabati ya kununua madukani, yale ambayo skrubu ya mwisho haina tundu, kwa hiyo sikuwa nimezoea kitu kukaa mahali pake bila kugombana nacho. Chini ya gari, ekseli, viti, usukani, dashibodi, vyote nilivimaliza usiku usiku watoto wakishalala, na siku hizo nililala nikiwa na furaha ya kijinga. Usukani wenyewe ni mdogo kuliko kifungo cha shati. Niliushika kwa koleo ya nyusi ya mke wangu, ambayo mpaka leo anaitafuta.

Dokezo kwa wanaoanza: vioo msivigandishe kwa supagluu. Moshi wake unapanda na kukifanya kioo kiwe na ukungu mweupe usiofutika. Tumieni gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani.

Haya, rangi. Karatasi ya maelekezo inataja rangi kwa namba za kampuni ya huko kwao, namba ambazo Gerezani hata ukizisoma kwa sauti hakuna atakayegeuka. Sikwenda kichwa kichwa lakini. Nilikata kipande cha fremu, kile kinachotupwa, nikakitia mfukoni. Plastiki ni ile ile ya bodi, polistirini, aina moja na vikombe vya mtindi vya kutupa. Niliwahi kusoma kwamba thina kali, ile dawa ya kuyeyushia rangi iliyomo kwenye makopo ya kupuliza, inaila plastiki hiyo. Nikafika kwenye duka moja lenye makopo mpaka darini, nikamkuta kijana anakula muhogo kaunta. Nikamsalimia, nikamweleza vizuri, nikatoa kile kipande na kumwomba apulize kidogo tuone.

Hakukipokea. Alikitazama pale kwenye kiganja changu, akaendelea kutafuna, akasema, "Mzee, hapa tunauza, siyo maabara."

Nikameza. Nikamuuliza, je, hii nyekundu inafaa kwa plastiki? Akasema, "Haki ya Mungu tena, bampa zote za mjini hapa tunapiga hii hii." Nikamuuliza kuhusu praima, ile rangi ya chini inayotangulia. "Praima ya nini kwa kitu kidogo hivyo? Utamaliza hela bure." Nikaomba risiti, akasema mashine haina mtandao. Nikalipa kwa simu nikaondoka na kopo langu.

Najua mtaniuliza mbona sikujaribu kwenye kile kipande nilipofika nyumbani. Jamani, mtu ameapa! Amekaa kwenye rangi kutwa, mwaka mzima, anataja bampa, anamtaja na Mungu. Ingekuwa kila kitu tunachouziwa mjini tunakifanyia utafiti wetu, nani angefika kazini?

Nilipuliza Jumamosi mchana, uani, upepo umetulia. Dakika ya kwanza ilikuwa tamu ajabu. Nyekundu ile iling'aa mpaka nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akaangalia, akasema, "Baba Asha, mbona inacheka?" Nikainama. Boneti ilikuwa imeanza kukunjamana kama utando juu ya maziwa ya moto. Mikunjo ikatembea kutoka boneti kuja juu, polepole, unaiona kwa macho. Mishono ya milango, ile mistari myembamba iliyochongwa kwa ustadi mpaka unatamani kuilamba, ikaanza kujaa. Nikanyoosha mkono kuinyanyua nisijue hata ninataka kuipeleka wapi, na gumba likazama kwenye paa. Halikuteleza, lilizama. Nilipolitoa, alama za ngozi ya kidole changu zilibaki pale zote, duara ndani ya duara, safi kuliko zile tulizochukuliwa kwenye kitambulisho cha taifa.

Bampa ni plastiki nyingine, ngumu, haisikii dawa. Hilo fundi rangi yeyote analijua, na nina uhakika yule kijana alilijua au alikuwa na wa kumuuliza. Kilichomshinda ni kuweka muhogo chini.

Wiki iliyofuata nikarudi. Bodi nimeiweka kwenye kopo la biskuti, nimeifungia tishu. Dukani palikuwa na wateja wengine, mmoja mama mtu mzima anachagua rangi ya geti. Nikafungua kopo. Kijana akachukua bodi kwa vidole viwili, akaigeuza, akaitazama tumboni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mzee, si ungeenda tu hapo Kariakoo ukamnunulia mtoto gari la elfu tano? Lina rangi tayari."

Wakacheka. Mama wa geti naye alicheka, ingawa yeye aliziba mdomo kwa kanga.

Hapo nikakosea njia kidogo, nikaanza kumsomesha. Nikamwambia hili si gari la mtoto, hii ndiyo Datsun iliyoshinda Safari mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani, na mwaka uliotangulia hao hao walishinda na Datsun 1600 SSS. Nikamwambia 1973 gari aina hii hii aliishinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, baada ya kufungana pointi na Harry Källström mpaka ikabidi watafute namna ya kuwatenganisha, na kwamba Mehta alikuja kuchukua Safari mara tano, nne za mwisho kwa mfululizo, 1979 hadi 1982. Nikamwambia enzi hizo mbio zilivuka mipaka zikaingia Tanzania na Uganda, baba yangu aliyaona magari hayo yakipita na vumbi lake. Nilikuwa nimepandisha sauti. Duka zima kimya.

Kijana akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akauliza: "Linatembea?"

Sikuwa na jibu. Nikadai hela yangu. Akanionyesha karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikadai risiti basi, nikamkumbusha lile tangazo la kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mashine bado haina mtandao. Akaongeza kwamba rangi yake haina kosa, tatizo ni "plastiki yako ya Kichina." Ya Kichina! Nilimwonyesha maandishi ya Kijapani kwenye karatasi, akasema si yale yale tu.

Niseme ukweli hata kama unaniuma: rangi yenyewe siyo mbaya. Kopo lilibaki nusu, nikapulizia bawaba za geti na stendi ya mtungi wa gesi, na mpaka leo zinameta, kutu haijagusa. Kwa chuma naipa nyota nne. Kwa hiyo ile sifuri ya mwanzo tuiandike vizuri: sifuri si ya rangi, ni ya mdomo.

Aliyeniokoa ni fundi rangi wa gereji moja ya chini ya mwembe, jirani na kwangu. Huyu alikipokea kipande changu cha fremu kabla sijamaliza salamu, akakinusa, akakipindisha kikavunjika, akasema, "Hii laini, kaka, hii unaipiga vumbi vumbi." Yaani tabaka jepesi la kupita tu, unaacha likauke, jingine, unaacha, usiilowanishe kamwe. Alijaribu rangi zake kwenye vipande vya fremu mpaka akapata ambayo plastiki haikuinunia. Kisha tukasugua bodi kwa msasa wa maji, akapaka puti nyembamba kwenye ubavu, akasugua tena, akachonga upya mishono ya milango kwa ncha ya sindano. Akapiga nyekundu yake vumbi vumbi. Hakutaka hela. Nilimlazimisha achukue ya soda.

Boneti hatukuigusa, na paa vilevile. Plastiki ilikuwa imepungua unene, tungesugua zaidi ingetoboka. Na hapa ndipo mambo yanaponivuruga. Boneti ya gari hili kwenye mbio ilikuwa nyeusi isiyong'aa, makusudi, ili jua la kule nyikani lisimpige dereva machoni. Nilipoipaka nyeusi hiyo kwa brashi, mikunjo yote ikageuka. Haikuonekana tena kuwa rangi iliyoharibika, ilionekana bati lililopigwa mawe na kukaangwa na jua kutwa. Nikapata wazo. Nikachukua udongo mwekundu mkavu niliochota Korogwe tulipokwenda msibani, nikautwanga, nikauchekecha kwa kitambaa, nikausugua kwa brashi chini ya milango na nyuma ya matairi. Kwenye alama ya gumba nikaukandamiza zaidi. Kisha stika. Stika zake ni za maji: unalowesha kidogo, inaanza kuteleza juu ya karatasi yake, unaisukuma kwa ncha ya kidole mpaka ikae. Namba 11 ilipotulia mlangoni nilikuwa nimebana pumzi bila kujijua.

Kila anayekuja nyumbani anaganda kwenye boneti. "Umewezaje hii? Inaonekana imetoka porini kweli." Shemeji, ambaye Japani ameona modeli za watu wanaofanya kazi hiyo miaka yote, aliipiga picha boneti tu, gari zima hakulijali. Huwa najibu kwamba ni siri ya fundi. Nitasemaje? Niseme uzuri wa kazi yangu ulitoka kwa kijana mla muhogo? Kuna usiku nimekaa nayo mkononi nikafikiri kama angenijaribia kile kipande, ningekuwa na Datsun moja safi, nyekundu, inayong'aa, isiyotazamwa na mtu mara mbili. Nikafikiri pengine nimsamehe. Halafu nikakumbuka kile kicheko na mama wa geti na kanga yake, nikairudisha kabatini.

Kwa hiyo kama mnataka ushauri: modeli nunueni, hata kama hujawahi kushika msasa. Rangi, nenda na kipande chako cha fremu, na asiyetaka kukishika mwachie rangi yake. Duka sitalitaja, ila ukikuta muhogo kaunta utakuwa umefika.

Nilikuwa nimemaliza hapa. Ila juzi niliweka picha ya gari kwenye status, na kwa kuwa nililipa kwa simu kijana ana namba yangu, kumbe aliihifadhi. Akaniandikia: "Mzee shikamoo. Hiyo Datsun kali sana. Unauza bei gani? Nataka niweke dukani wateja waone kazi ya rangi yetu."

Nimemjibu anitumie kwanza risiti.